Kuwapeleka Watoto Bustanini na Kwenye Bembea Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtaani kwetu Sakina mimi ndiye yule mama wa "twende bembea". Nina wawili wa kuzaa na mmoja wa marehemu dada yangu, na kila likizo hujikuta nimeongezewa wa majirani wawili watatu. Maswali ni yaleyale kila mwaka, basi nimeyakusanya pamoja na majibu yake. Nikisema bustani nina maana ya zile sehemu kubwa za jijini zenye nyasi, miti, bembea, mitelezo na puto la kurukia, ziwe za kulipia au za bure.

Tufike saa ngapi?

Saa 3 asubuhi, mkichelewa sana saa 4. Mitelezo mingi ni ya bati au ya plastiki iliyoshinda juani, na ikigonga saa 6 mchana inaunguza mapaja ya mtoto aliyevaa kaptula. Mimi huuwekea mtelezo kiganja na kuhesabu mpaka tano. Nikishindwa kufika tano, hakuna anayeteleza. Arusha watu hudanganywa na kaubaridi. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, upepo unapuliza, huhisi kuungua, lakini jua ni hilohilo la karibu na ikweta na mwinuko unalizidishia makali. Jioni ndipo unamwona mtoto pua imebabuka.

Juni mpaka Agosti ni habari nyingine. Asubuhi ukungu umelala, Mlima Meru huuoni, nyasi zimeloa na kila kiti cha bembea kina kidimbwi chake. Hapo nendeni saa 5, na beba kitambaa kikavu cha kufutia viti. Masika, Machi mpaka Mei, angalieni usiku ulivyokuwa: kama ilinyesha sana, subirini siku moja ardhi ikauke, maana udongo wetu ule mweusi ukishika kiatu hauachii.

Siku gani ina nafuu?

Jumamosi asubuhi. Jumapili watu wakitoka ibadani bustani hujaa ghafla. Idd na Boxing Day ni raha tupu kwa wenye watoto wakubwa, maana nguo mpya, ngoma, bisi na foleni ndefu vyote vipo. Mwenye mtoto wa chini ya miaka minne asithubutu. Nanenane nayo, kilele chake 8 Agosti, umati huelekea viwanja vya Themi kule Njiro kutazama ng'ombe na matrekta. Watoto wanaipenda kweli, ila usiihesabu kama siku ya bembea. Ni siku ya kutembea na kushikana mikono.

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Bei ya leo haitakuwa ya sikukuu, kwa hiyo ulizeni pale getini, na ulizeni vitu vitatu kwa pamoja: mtu mzima analipa kiasi gani, mtoto analipa kuanzia umri gani, na je, kiingilio kinajumuisha michezo? Hilo la tatu ndilo linalowaumbua watu. Sehemu nyingi kuingia ni bei moja, puto ni bei nyingine, vigari vya betri bei nyingine tena, na kila kimoja kinahesabiwa kwa dakika. Mzazi anaingia na elfu ishirini akidhani amemaliza, nusu saa baadaye yuko kwa wakala anatoa nyingine.

Dawa yake iko nyumbani, kabla hamjavaa viatu. Mimi kila mtoto namkabidhi bajeti yake kwa michezo, si kwa fedha: "Una michezo mitatu. Ukiimaliza, bembea za bure zipo." Mwanangu mdogo wa miaka sita mwanzoni alimaliza yote mitatu ndani ya robo saa, akalia, akakaa chini ya mti akiwatazama wenzake. Safari iliyofuata alizunguka bustani nzima kwanza, mikono nyuma kama mkaguzi, ndipo akachagua. Chenji ndogondogo bebeni. Siku mtandao ukigoma, lipa namba haitawasaidia.

Tunaruhusiwa kuingia na chakula?

Inategemea. Penye mgahawa ndani mara nyingi hawapendi, na mlinzi atakagua kikapu. Usimfokee. Msalimie kwanza, "Shikamoo babu", mweleze una mtoto mdogo anayekula uji, na mara nyingi atakupisha na chupa yako ya uji. Ukiwa na sufuria la pilau la watu kumi na wawili, hilo ni suala jingine na hata mimi ningekuzuia.

Panaporuhusiwa, pika vitu visivyomwagika: maandazi, mayai ya kuchemsha, viazi vya kukaanga vikavu, ndizi mbivu, karanga kwa wakubwa tu (watoto wa chini ya miaka mitano hupaliwa nazo). Fungasha kwenye hotpoti na mfuko wa kitambaa. Ile mifuko ya plastiki ya rambo ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na bado naiona ikitoka mifukoni mwa watu bustanini kama siri ya familia. Lambalamba nunua mwishoni, mkiwa mnatoka, la sivyo mikono inayonata itakwenda kwenye kila chuma, kisha kwenye gauni lako.

Watoto wanywe maji ya bomba ya pale?

Hapana. Beba ya kwenu. Hili nalisemea kidogo kwa kuwa wageni waliohamia Arusha hawalijui. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, yatokanayo na miamba ya volkano. Ndiyo sababu ya yale meno ya kahawia unayoyaona kwa waliokulia huku. Meno hudhurika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, yaani utotoni, hasa kabla ya miaka minane. Mtu mzima aliyehamia juzi hayatambadilikia. Na kuchemsha hakusaidii: kunaua vijidudu, floraidi inabaki, tena maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inakolea. Siku moja ya bustani haitamharibu mtoto meno, ila akizoea kukinga mdomo kwenye kila bomba, utamrudisha vipi?

Kadirio langu ni lita moja kwa kila mtoto, na chupa moja ya ziada ambayo si ya kunywa. Hiyo ni ya kunawa na ya kuoshea goti lililochubuka.

Vyoo vikoje?

Nenda ukavione mwenyewe kabla mtoto hajabanwa. Beba karatasi za chooni na sabuni kipande. Basi.

Mtoto wa umri gani acheze nini?

Chini ya miaka mitatu hahitaji mchezo wa kulipia. Mpe nyasi, kikombe cha plastiki na mchanga, atakaa saa nzima. Miaka mitatu mpaka sita ni bembea yenye kiti cha kuzingira na mtelezo mfupi. Kuanzia saba waachie, ila kaa mahali unapowaona.

Sasa mambo mawili ambayo wazazi hufanya kwa mapenzi na yanaumiza. La kwanza ni kuteleza na mtoto ukiwa umempakata. Unaona unamlinda, lakini mguu wake mdogo ukigusa ukingo wa mtelezo na kukwama, uzito wako wote unaendelea kushuka naye. Ndivyo watoto wa mwaka mmoja na miwili wanavyovunjika mfupa wa goko. Akiwa peke yake angesimama tu. Kama hawezi kuteleza mwenyewe, mtelezo huo si wake bado. La pili ni nguo zenye kamba shingoni: sweta la kofia lenye kamba, skafu, au kitambulisho cha shule. Kamba hunasa juu, mtoto anashuka. Zivueni zote.

Kabla hawajapanda, mimi huzunguka vyombo vyote kwa dakika tatu. Natikisa nguzo ya bembea kuona kama inacheza ardhini. Naangalia ile pete ya juu ambapo mnyororo unaning'inia, maana ndipo chuma hulika kikabaki chembamba kama msumari wakati mnyororo wenyewe unaonekana mzima. Naangalia chini: mchanga na nyasi ni sawa, saruji siyo. Nikiona kasoro namwambia mhudumu. Kuna mahali niliambiwa "mama, hiyo iko hivyo tangu mwaka jana", kama vile kukaa muda mrefu ndiyo matengenezo. Tukahama upande wa pili.

Na lile puto kubwa la kurukia?

Watoto wanalipenda kuliko vyote, nami ndilo linaloninyima amani. Puto linasimama kwa sababu kipulizio kinasukuma hewa muda wote, na kipulizio kinakula umeme. Umeme ukikatika, puto hulala. Mwaka juzi ulikatika wanangu wakiwa ndani na wenzao kama kumi. Hakuna aliyeumia, kuta zilishuka taratibu na mhudumu akawatoa mmoja mmoja, lakini ule muda wa kuona kitambaa kikiwafunika vichwa sijausahau. Siku hizi nauliza: kuna jenereta? Nani anakaa mlangoni? Limefungwa kamba pembe zote? Upepo ukivuma mpaka miti inayumba, mtoto wangu hapandi, hata kama tumeshalipa.

Wapande wa rika moja. Kijana wa miaka kumi na miwili akiruka, mwenye miaka minne anarushwa bila kutaka.

Halafu kuna viatu. Pale chini utakuta jozi thelathini, na ishirini kati yake ni yeboyebo za bluu. Tulishawahi kurudi nyumbani na kushoto mbili. Funga uzi mwekundu kwenye kila kiatu cha watoto wako kabla ya kutoka. Utanishukuru.

Mtu mzima mmoja asimamie watoto wangapi?

Wakubwa sita, au wadogo watatu. Ukichanganya, wanne. Na mtu mzima anayetazama simu hahesabiwi.

Dada wa kazi aje naye?

Aje, lakini mwambie wazi amekuja kufanya nini. Kama amekuja kusimamia, mgawie watoto wake kwa majina na mlipe siku yake. Kama amekuja kutembea, mwache atembee. Ninachokiona kila Jumapili ni binti wa miaka kumi na tisa aliyebebeshwa mtoto mgongoni, kikapu mkononi na mwingine kiunoni, huku mwenye watoto amekaa kivulini na soda. Binti huyo hula chipsi mwisho, zimeshapoa. Dada wetu wa kwanza, siku nilipomwambia "na wewe panda bembea, nitashika mtoto", alicheka mpaka akashindwa kujisukuma. Hakuwahi kupanda maishani mwake.

Mtoto akipotea nifanyeje?

Kwanza, mfanye asipotee kirahisi. Wavalishe rangi moja inayowaka. Sisi ni fulana za njano. Wapige picha getini siku hiyohiyo, ili ukiulizwa amevaaje usibabaike. Wafundishe namba yako ya simu kama wimbo, na kwa asiyeweza kukariri iandike kwa kalamu ya wino ndani ya mkono. Jina la mtoto usiliandike mgongoni mwa nguo, maana mtu yeyote ataliita. Chagueni alama ya kukutania: "ule mti mkubwa kwenye maji ya kunawa". Waambie wakikukosa waende pale wasimame, na kama wanaogopa wamwendee mama mwenye watoto au mhudumu mwenye sare.

Akipotea, usikimbie hovyo. Mtu mmoja aende getini hapohapo, mlinzi asimruhusu mtoto yeyote kutoka na mtu bila kuuliza. Mwingine aende kwenye maji, kama kuna mto au bwawa, kabla ya mahali pengine popote. Wa tatu abaki mlipoketi, kwa kuwa mara nyingi mtoto hurudi mwenyewe. Polisi ni 112, na ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, haina gharama.

Mtoto wa dada yangu alinipotea kwa dakika kumi na moja. Nilizihesabu baadaye kwenye simu, kutoka picha ya mwisho mpaka nilipompigia mume wangu. Alikuwa nyuma ya kibanda cha bisi, hatua ishirini kutoka nilipokaa, amechuchumaa anatazama mahindi yanavyopasuka. Aliponiona akasema, "Mama mdogo, njoo uone." Nilishindwa kumgombeza. Nilichuchumaa naye.

Mto unaopita karibu na bustani una hatari?

Ndiyo. Themi, Naura na mito mingine midogo ya jiji inaonekana ya kuchezea, maji yanafika kifundo cha mguu. Lakini inashuka kutoka Meru. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanapanda huku chini wakati sisi tuna jua. Vuli na masika msiwaache watoto kingoni, na majira yoyote wasiyanywe.

Wadudu, tumbili, mimea?

Tumbili haumi akiachwa, ila akishaona ndizi mkononi mwa mtoto anaichukua, na kucha zinapita hapohapo. Kuleni mkiwa mmezungukana, mfunike. Wasiwalishe, hata kama picha ni nzuri. Akimparura mtoto, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha moja kwa moja hospitali. Kichaa cha wanyama hakisubiri kesho.

Baada ya mvua angalia siafu kabla ya kutandika mkeka. Oktoba na Novemba jakaranda zinapomwaga maua ya zambarau, watoto hupenda kuyakanyaga peku, na nyuki nao wamo ndani ya maua hayo. Mnyonyo humea kingo za mito na pembezoni mwa uzio. Mbegu zake zina madoadoa mazuri kama shanga, watoto huziokota, na zina sumu kali wakizitafuna. Huo ndio mmea mmoja ambao wanangu wanaujua kwa jina tangu wakiwa na miaka mitatu.

Mtoto wangu ana ualbino. Mwingine anatumia kiti cha magurudumu. Je?

Kwa mwenye ualbino ni asubuhi mapema au baada ya saa 10, kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, miwani ya jua na mafuta ya kujikinga yanayopakwa tena kila saa mbili. Tuna bahati kaskazini: mafuta ya Kilisun yalianza kutengenezwa hapa jirani, hospitali ya KCMC Moshi, mahususi kwa watu wenye ualbino. Ulizia kwenye kliniki ya ngozi.

Kwa kiti cha magurudumu niwe mkweli: njia nyingi ni changarawe au nyasi, na bembea ya kumfaa sijaiona. Piga simu kabla, uliza ngazi getini, uliza upana wa mlango wa choo. Nilichokiona kikifanya kazi ni mpira mwepesi, povu la sabuni la kupuliza, na watoto wengine. Walimzunguka kijana wa jirani yetu wakamfanya golikipa, naye aliwafokea mabeki mpaka sauti ikakauka.

Usafiri?

Kifodi, daladala yetu ndogo, kinatosha, pandeni mapema kabla hakijajaza, watoto wawe upande wa dirisha na ninyi upande wa mlango. Bajaji ni nzuri kwa watatu. Bodaboda kwa mshikaki wa watoto watatu na mama mmoja, hapana, hata kama ni karibu. Mkitokea upande wa Usa River, kumbukeni Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, barabara inabana.

Tunataka kufanyia sherehe ya kuzaliwa hapo.

Ulizeni utawala kwanza, maana kuna ada ya meza au eneo. Keki iletwe saa ya kukatwa, siyo asubuhi. Na ile desturi yetu ya kummwagia maji mwenye siku yake, mbebee nguo za kubadili, msimmwagie kwenye baridi ya Julai, na msitumie unga na mayai, kwa sababu atakayeosha nyasi si ninyi.

Mpigapicha anawapiga watoto bila kuuliza. Nikatae?

Kataa kwa upole, hulazimiki kununua. Nawe ukipiga wa kwako, angalia wa wenzio waliomo kabla hujairusha picha mtandaoni.

Sina hela ya kiingilio. Je, watoto wakose?

Wasikose. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na matibabu, kama wajibu wa mzazi, na haisemi lazima kuwe na puto. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu, ni bustani. Eneo la kanisa au msikiti lenye miti ni bustani. Nunua kamba mita nne sokoni Kilombero na mpira wa rede uliosokotwa kwa soksi kuukuu. Wafundishe kombolela, mdako, ukuti ukuti. Wanangu walipofundishwa kombolela na bibi yao, walicheza mpaka giza likaingia, na bibi alikamatwa nyuma ya tangi la maji akijificha kwa dhati kabisa.

Mkitaka kuongeza kitu kwa fedha kidogo, pitieni makumbusho ya Boma la Mjerumani, au ya Azimio la Arusha kule Kaloleni, mkiwa na watoto wa kuanzia miaka minane. Njiani waonyesheni Mnara wa Saa, unaosemwa kuwa katikati ya Cairo na Cape Town. Ramani haiafiki, lakini ni swali zuri la kuwapa watoto na rula.

Twiga je? Mtoto anataka twiga.

Hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, siku nyingine na bajeti nyingine. Chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio. Twiga wapo, mbega wapo, na heroe kwenye maziwa ya Momella. Bembea hakuna.

Muda wa kuondoka mtoto anagaragara hataki. Mnafanyaje?

Taarifa mara mbili: "bado dakika kumi", kisha "bado mtelezo mmoja". Halafu mpe kazi ya kubeba, hata kifuniko cha hotpoti. Mwenye kazi anatembea. Wa kwangu wa mwisho hubeba ule mfuko wa viatu, anavihesabu kwa uzi mwekundu mpaka tunafika kituoni.